Mazoezi ya kutuliza nafsi yasiwe ya wenye nafasi pekee

MTU anaposema kwamba ana mawazo, Mkenya yeyote huelewa kuwa hazungumzii fikra njema. Neno hilo limebeba kodi ya nyumba iliyochelewa, karo ya watoto, ugonjwa wa mzazi kijijini, ndoa inayoyumba na usiku usio na usingizi. Wengi hubeba mzigo huo kimyakimya hadi unapowalemea, na hapo ndipo jamaa na majirani hushtuka.

Katika miaka ya hivi karibuni, njia moja ya kupunguza mzigo huo imepata umaarufu mijini. Ni mazoezi ya kutuliza nafsi, ambapo mtu huketi, akafuata pumzi yake ikiingia na kutoka, na kujifunza kuyatazama mawazo yake bila kuburutwa nayo. Matangazo ya mafunzo ya aina hiyo hayakosekani katika mitaa ya kifahari ya Nairobi, ambako ada ya kikao kimoja huweza kupita ujira wa kibarua kwa siku nzima.

Hapo ndipo penye kitendawili. Pumzi hailipiwi kodi wala haihitaji mashine. Hata hivyo, huduma inayoitegemea imekuwa bidhaa ya wenye fedha, ilhali wanaoihitaji zaidi hawajui kwamba ipo, na wanaojua hawana pa kuipata.

Mazoezi haya si mageni hospitalini. Mnamo 1979, msomi wa Marekani Jon Kabat-Zinn alianzisha kozi ya majuma manane katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakiishi na maumivu yasiyokoma. Aliazima mbinu kutoka kwa mapokeo ya Kibudha, akaondoa ibada na itikadi, kisha akabakisha zoezi lenyewe la kuzingatia pumzi, mwili na wakati uliopo. Baadaye, wataalamu wa Uingereza na Kanada waliunganisha zoezi hilo na matibabu ya mazungumzo kwa watu waliowahi kupatwa na mfadhaiko mara kwa mara. Kufikia 2004, taasisi inayoishauri Uingereza kuhusu tiba ilikuwa imeipendekeza njia hiyo kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Kwa hivyo, si tena suala la kuuliza iwapo mazoezi haya yana manufaa kwa baadhi ya watu. La msingi kwa Kenya ni jinsi yatakavyomfikia mama muuza mboga, mwendeshaji bodaboda na kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, tena kwa namna iliyo salama.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, inafaa kutazama hali ya huduma za akili nchini. Hospitali ya Mathari, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya huduma hizo, ilianzishwa na serikali ya kikoloni mnamo 1910, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Wazo la wakati huo lilikuwa kuwaweka wagonjwa kando na jamii. Majengo yamebadilika na jina pia, lakini dhana kwamba afya ya akili ni jambo la hospitali kubwa, lenye kuta na milango ya chuma, haijaondoka kabisa.

Mnamo 2017, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alichunguza huduma hizo na kubaini kuwa nchi ilikuwa na madaktari bingwa wa akili 92 pekee, ilhali waliohitajika ni 1,533. Sensa ya 2019 ilipohesabu Wakenya milioni 47.6, ilikuwa wazi kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kungoja madaktari wahitimu. Hata kama kila chuo kikuu kingeongeza nafasi za masomo leo, mtoto aliyezaliwa juzi angeingia shule ya upili kabla ya idadi hiyo kutimia.

Serikali yenyewe ilikiri ukubwa wa tatizo. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga, lililoundwa baada ya agizo la Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta mnamo 2019, liliwasilisha ripoti yake mwaka uliofuata na kupendekeza kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Mnamo Juni 2022, Rais Kenyatta alitia saini marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili, yaliyokuwa yamewasilishwa katika Seneti na seneta maalumu Sylvia Kasanga. Marekebisho hayo yaliipa serikali ya kitaifa na zile za kaunti majukumu bayana ya kusogeza huduma karibu na wananchi.

Mahakama nayo ilichangia. Mnamo Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kilikiuka Katiba. Kwa miaka mingi, aliyeokolewa kutoka kwa kifo alikabiliwa na hatari ya kupelekwa kizimbani badala ya kliniki. Uamuzi huo uliondoa sababu moja kubwa ya watu kuficha dhiki zao.

Lakini kuondolewa kwa hofu ya polisi hakutoshi iwapo anayejitokeza hana mlango wa kubisha. Aliyepewa ruhusa ya kusema amelemewa anahitaji mtu wa kumsikiliza, na mtu huyo hawezi daima kuwa daktari bingwa.

Hapa ndipo programu za kijamii zinapoingia, na bahati nzuri ni kwamba ushahidi kuhusu thamani yake haukutoka ng'ambo pekee. Mojawapo ya majaribio yanayotajwa sana duniani lilifanyiwa Nairobi.

Katika jaribio hilo, lililochapishwa mnamo 2017, wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni mwa jiji, wengi wao wakiwa wamepitia dhuluma za kijinsia, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida ya kituo cha afya iliyoboreshwa kidogo. Lile jingine lilipewa vikao vitano vya dakika 90 kila kimoja, kwa kutumia mwongozo ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, WHO. Walioongoza vikao hivyo hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa kwa karibu.

Zoezi la kwanza katika mwongozo huo ni kupumua polepole. Mshiriki hujifunza kutuliza mwili kwanza, kwa kuwa mtu ambaye moyo unamwenda mbio hawezi kupanga lolote. Baada ya hapo huchagua tatizo moja linaloweza kushughulikiwa, hurejea taratibu katika shughuli alizoziacha, kisha hutafuta watu wa kumshika mkono. Miezi mitatu baada ya vikao kukamilika, wanawake waliopitia mpango huo walikuwa na dhiki ndogo ya nafsi kuliko wenzao.

Mpangilio huo una funzo muhimu. Pumzi ni mlango wa kuingilia. Nyumba yenyewe ina vyumba vingine. Mwanamke anayepigwa nyumbani hatatulizwa kwa kuambiwa afumbe macho, lakini akitulia kidogo anaweza kufikiria ni nani wa kumwendea na ni hatua gani ya kuchukua kesho. Programu inayoishia kwenye pumzi pekee humwacha mlangoni.

Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alifuata njia kama hiyo kuanzia 2006. Akiwa mmoja wa madaktari wachache wa fani hiyo nchini mwake, alianza na akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare jijini Harare, wakawa wanaketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo halitofautiani sana na yale mawazo ya Wakenya. Akina nyanya walilitumia neno hilo badala ya majina ya kitabibu, na watu wakawaelewa.

Matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 573 katika zahanati 24 za Harare yalichapishwa mnamo 2016. Baada ya miezi sita, waliozungumza na wahudumu wa mabenchi walikuwa na dalili chache za mfadhaiko na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Isitoshe, waliomaliza vikao vya ana kwa ana walikaribishwa katika vikundi ambako watu huzungumza huku mikono ikisuka mikoba ya kuuza. Utulivu na riziki vilikaa meza moja.

Vijana nao hawakusahaulika. Hapa Kenya, mpango wa Shamiri, ulioanzishwa na kijana Mkenya Tom Osborn na wenzake, uliwatumia vijana waliomaliza shule ya upili kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vikao vinne. Haukuzungumzia ugonjwa. Ulizungumzia uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na maadili ambayo kila mmoja anayathamini. Katika jaribio lililochapishwa mnamo 2021, likiwa na wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za mfadhaiko au wasiwasi, waliopitia vikao hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliofundishwa mbinu za kusoma.

Mifano hii mitatu inatofautiana kwa umri, mahali na mbinu, lakini ina uti wa mgongo mmoja. Anayeongoza ni mtu wa kawaida anayefahamika mtaani, vikao ni vichache na vina mwisho unaojulikana, na nyuma ya kiongozi yupo msimamizi mwenye ujuzi. Ukiondoa mojawapo ya nguzo hizo, paa huanza kuvuja.

Upo pia ushahidi unaotahadharisha, na si busara kuupuuza. Nchini Uingereza, watafiti waliwafundisha wanafunzi wa kati ya miaka 11 na 14 mazoezi ya kutuliza nafsi kama somo la darasa zima. Utafiti huo ulishirikisha zaidi ya wanafunzi 8,000 katika shule 84, na matokeo yake yalitolewa mnamo 2022. Afya ya akili ya wanafunzi hao haikuwa bora kuliko ya wenzao walioendelea na mafunzo ya kawaida, na wengi hawakuyafanya mazoezi hayo nyumbani. Walionufaika kwa muda ni walimu, ambao uchovu wao wa kazi ulipungua.

Maana yake ni kwamba zoezi linaloteremshwa kutoka juu kwa kila mtu, ahitaji asihitaji, hugeuka kuwa kipindi kingine cha ratiba. Wizara yoyote itakayotaka kuagiza shule zote zitenge dakika kumi za kimya kila asubuhi, kisha itangaze kwamba imetatua mfadhaiko wa vijana, itakuwa imejidanganya. Tofauti kati ya jaribio la Uingereza na lile la Shamiri ni kwamba hili la pili liliwalenga waliokuwa tayari na dalili, likaongozwa na watu waliokaribiana nao kwa umri.

Tahadhari ya pili inahusu waliopatwa na kiwewe. Kwa mtu aliyenusurika vita, ubakaji au ghasia kama zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kufumba macho katika kimya kunaweza kurudisha picha alizokuwa akizikimbia. Kiongozi wa kikundi asiyejua hilo anaweza kuumiza akidhani anatibu. Ndiyo maana mafunzo ya wiki moja yasiyo na usimamizi wala njia ya kumpeleka mgonjwa kliniki hayatoshi.

Tahadhari ya tatu ni ya kiimani. Wapo viongozi wa dini wanaoshuku kwamba mazoezi haya ni ibada ngeni inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Shaka hiyo haifai kubezwa, kwa kuwa asili ya mbinu hizi inajulikana. Jibu lake ni uwazi. Mwislamu anayebaki na tasbihi yake baada ya swala, Mkristo anayekwenda mafungoni na mzee anayeketi peke yake chini ya mti jioni wote wanajua thamani ya kimya. Programu inayowashirikisha maimamu, wachungaji na wazee tangu mwanzo, ikawaeleza kinachofanywa na kisichofanywa, hupata ukumbi na waumini. Ile inayowakwepa hupata upinzani.

Swali la ufikiaji halina budi kujibiwa kwa mambo madogo madogo yanayoamua nani anahudhuria. Mama anayekwenda sokoni alfajiri hawezi kuhudhuria kikao cha saa tatu asubuhi. Mwendeshaji bodaboda hatakwenda kliniki yenye bango la magonjwa ya akili, lakini anaweza kuketi na wenzake kwenye kituo chao wakati abiria ni wachache. Mwenye mtoto mchanga huhitaji mahali pa kumlaza. Nauli ya Sh100 kwenda na kurudi, mara tano, ni fedha za chakula cha familia.

Vikundi vilivyopo tayari ndivyo njia ya mkato. Vyama vya akina mama hukutana kila wiki au kila mwezi kuchangiana fedha, na wanachama hujuana hadi jikoni. Jaribio lililofanyiwa wanawake 612 katika eneo la Swat nchini Pakistan, na kuchapishwa mnamo 2019, lilionyesha kwamba mwongozo ule wa WHO uliotumika Nairobi unaweza kutolewa kwa kikundi na bado ukaleta nafuu. Kwa nchi yenye vyama vya akina mama katika kila kijiji, hiyo ni habari njema. Muda anaoutumia mhudumu kumsaidia mtu mmoja unaweza kuwasaidia kadhaa kwa pamoja.

Wahudumu wa kufanya kazi hiyo nao wapo. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100. Wana mikoba, vipima sukari na simu za kunakili habari. Sheria ya Afya ya Msingi ya mwaka huo huo iliwatambua rasmi. Hakuna jeshi lingine la afya linalofika karibu hivyo na mlango wa mwananchi.

Hata hivyo, posho yao ni Sh5,000 kwa mwezi, fedha zinazogharamiwa kwa pamoja na serikali ya kitaifa na za kaunti, na katika kaunti kadhaa wamelalamika kwamba huchelewa. Tayari wanapima shinikizo la damu, wanafuatilia chanjo, wanatembelea wajawazito na kusajili familia katika bima. Kuwaongezea vikao vya kutuliza nafsi bila kuwaongezea chochote ni kumchosha yule yule anayetakiwa kuwatuliza wengine. Mhudumu mwenye mawazo ya kodi yake hawezi kusikiliza mawazo ya mwenzake kwa utulivu.

Ndiyo maana mjadala huu hatimaye ni wa bajeti. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, huduma za zahanati na vituo vya afya zimewekwa chini ya Hazina ya Afya ya Msingi inayogharamiwa na serikali, ili mwananchi asilipe anapofika pale. Vikao vya kijamii vinavyoongozwa na wahudumu hao na kusimamiwa na muuguzi wa kituo cha afya vinastahili kutambuliwa waziwazi kama huduma ya msingi, sawa na kliniki ya wajawazito. Vikiachiwa wafadhili, vitaendelea kuwa miradi ya miaka miwili inayofungwa fedha zinapokwisha, huku washiriki wakibaki wameshika hewa.

Watakaopinga watauliza kwa nini fedha zitumike kufundisha watu kupumua ilhali zahanati hazina dawa. Ni swali la haki. Lakini dhiki isiyoshughulikiwa nayo ina gharama. WHO inakadiria kwamba mfadhaiko na wasiwasi huupotezea ulimwengu siku bilioni 12 za kazi kila mwaka. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu aliyekata tamaa huacha dawa, hata pale dawa zinapopatikana bure. Aidha, gharama kubwa ya vikao hivi ni muda wa watu ambao nchi tayari imewaajiri, na mabenchi ambayo fundi wa mtaani anaweza kuyapiga randa.

Wapo pia watakaosema kwamba kuwafunza maskini utulivu ni kuwataka wakubali umaskini wao. Hatari hiyo ipo pale ambapo mazoezi hutolewa badala ya haki. Mfanyakazi asiyelipwa mshahara anahitaji mshahara, na mpangaji anayebomolewa nyumba anahitaji makao. Lakini majaribio ya Nairobi na Harare yalionyesha kinyume cha kunyamazisha: aliyetulia alitambua tatizo lake, akalipa jina na kutafuta mshirika wa kulikabili. Aliyekosa usingizi kwa mwezi mzima mara nyingi hana hata nguvu ya kulalamika.

Kaunti zinaweza kuanza bila kungoja sera nyingine. Zinaweza kuchagua wadi chache, kuwapa wahudumu mafunzo na nyongeza ya posho, kumtenga muuguzi mmoja wa akili kuwasimamia kila wiki, na kuhakikisha kwamba mwenye dalili kali anafikishwa kwa daktari bila kuzungushwa. Kisha zinaweza kupima matokeo kwa miezi sita, kama walivyofanya wenzao wa Harare, na kuyatangaza hadharani, yawe mazuri au mabaya. Lisilofaa liachwe, linalofaa lienezwe.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, bila kutenganisha mwili na akili, wala mtaa wa kifahari na wa mabanda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umekwisha kupimwa na mkaguzi wa hesabu, na jopokazi, Seneti na mahakama wameuona. Udongo wa kuuziba upo, na mafundi nao wapo vijijini na mitaani. Kilichobaki ni kaunti na Wizara ya Afya kukubaliana nani atawalipa, na kuanza kazi.